Kurudi Kwetu Tukiwa Hai: Historia Fupi ya Safari za Nyumbani

Ndugu wanachama,

Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kusoma hesabu ya fedha za chama chetu kwa mwaka huu: michango iliyoingia, misaada iliyotoka, na salio lililobaki. Hesabu hiyo ni sahihi, nayo imekaguliwa. Lakini hesabu hutaja kiasi tu, haielezi maana. Tulipoketi kuitazama tuliona jambo moja lililotunyamazisha kwa kitambo. Karibu fedha yote tuliyotoa kwa safari za nyumbani ilitolewa kwa ajili ya maiti. Tulinunua majeneza, tukakodi magari, tukasindikiza wenzetu hadi makaburini kwao. Mara chache mno fedha ya chama ilimfikisha mtu kwao akiwa hai, aende akawaone jamaa zake au shule iliyomlea.

Na huko matangani tuliyaona mengine. Tuliwaona watoto wa marehemu, waliozaliwa hapa Kahawa Wendani, wakipeana mikono na binamu zao kama watu wanaokutana kituoni. Tuliwaona wazee wawili waliosoma darasa moja wakitambuana kando ya kaburi la mwenzao wa tatu, wakahesabu miaka tangu waonane, wakaona haya. Hapo ndipo halmashauri ilipoona vyema kuandika historia hii fupi, ili wanachama watakapokuja katika mkutano mkuu wajue tulikotoka katika jambo hili, na kwa nini tunaleta shauri lililoelezwa mwishoni.

MAHALI TUNAPOKAA

Kahawa Wendani imo katika Ruiru, kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika. Jina la mahali petu lina maneno mawili. La kwanza ni jina la zao lililofunika nchi hii katika zama za walowezi. La pili ni neno la Kikuyu lenye maana ya upendano. Reli ya kwenda Thika ilifika huko mwaka 1913, ikipita Kahawa na Ruiru, na baadaye ikaendelea hata Nanyuki. Reli hiyo haikujengwa ili watu waonane na jamaa zao. Ilijengwa ili mazao ya mashamba makubwa yafike sokoni.

Jirani yetu palikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer Barracks. Mwaka 1965 kambi hiyo ilikabidhiwa Serikali ya Kenya, ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, na mwaka 1985 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Baada ya uhuru mashamba mengi ya upande huu yalinunuliwa, aghalabu na makampuni na vyama vya kununua ardhi, yakakatwa viwanja. Kisha barabara kuu ya Thika ikajengwa upya kwa urefu wa kilomita zipatazo 50, ikafunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012. Majumba ya kupangisha yakaota kama uyoga baada ya mvua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi 238,858. Katika ile ya mwaka 2019 walikuwa 490,120, maana yake wamezidi maradufu katika miaka kumi tu.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, sisi tulio wengi hapa ni wageni. Tumekuja kwa sababu ya chuo, au kazi, au biashara, au kodi ya nyumba iliyo nafuu kuliko ya mjini. Ni wachache miongoni mwetu wawezao kuonyesha kaburi la babu yao karibu na hapa. Mwezi wa Desemba ukifika, milango mingi hufungwa kwa kufuli, na mitaa iliyokuwa na kelele huwa kimya. Watu wamekwenda kwao.

ZAMA ZA KIPANDE

Kijana wa leo hudhani kwamba kwenda nyumbani kulikuwa rahisi daima, ilimradi mtu awe na nauli. Sivyo. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwaandikisha wenyeji, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya vita kuu ya kwanza ya dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyepata miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika siku ya kumwajiri na siku ya kumwachilia. Aliyeondoka kazini bila ya kuandikiwa ruhusa alihesabiwa mtoro, akaweza kutafutwa, kukamatwa na kushtakiwa.

Fikirini maana yake katika mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika. Mtu alipata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, au kwamba ndugu yake anaoa. Safari yake haikuwa shauri la moyo wake wala la mfuko wake peke yake. Ilikuwa shauri la saini ya mwenye shamba. Mfumo huo wa kipande uliondolewa mwaka 1947, lakini wazee wetu waliokuwa wameuvaa hawakuusahau. Basi ukimwona mzee akiona fahari kufika kwao bila ya kumwomba mtu ruhusa, usimcheke.

ZAMA ZA HALI YA HATARI

Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi katika msako mkubwa ulioitwa Anvil. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini, na wake na watoto wengi wakapelekwa kwa nguvu katika maeneo ya wenyeji. Huko nako, tangu mwaka huo wa 1954 hadi mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika vilimani, wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Nyumba walizoziacha zilibomolewa au kuchomwa.

Hapo pana funzo ambalo tungependa kila mwanachama alitie moyoni. Mtu aliyetoka kizuizini baada ya miaka kadha alirudi kwao asikute kwao. Njia aliyoijua ilikuwa imeota majani. Pahali pa jiko la mama yake palikuwa pamelimwa. Lakini aliuliza kwa majina, akaelekezwa kijijini, akawakuta watu wake katika safu ya vibanda, naye akasema amefika nyumbani. Kwake yeye nyumbani hapakuwa tena pale ukuta ulipokuwa umesimama. Palikuwa pale walipokuwapo wale waitao jina lake kama alivyoitwa utotoni. Hali ya hatari ilikoma Januari 1960, na kwa jamaa nyingi za Kiambu mikutano ya ukoo ya miaka ile ilianza kwa kazi ya huzuni, yaani kuhesabu nani yupo na nani hayupo.

SHULE ZILIZOTULEA

Yaliyozipata nyumba yalizipata na shule. Wakikuyu walijenga shule zao za kujitegemea tangu zama za ugomvi na wamisheni, na mwaka 1939 wakaanzisha chuo cha ualimu Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, kwa michango ya watu wa kawaida. Ilipotangazwa hali ya hatari, chuo hicho na shule nyingi za namna hiyo vilifungwa. Waliosoma humo walibaki wanafunzi wa zamani wasio na shule ya kurudia.

Nyingine hazikufungwa bali zilihama. Shule ya Mang'u ilianzia Kabaa, katika Ukambani, mwaka 1925, ikiongozwa na Padre Michael Witte. Baadaye ikahamishiwa Mang'u, na ikahama tena hata mahali ilipo sasa, karibu na Thika. Mwai Kibaki, aliyekuwa Rais wa tatu wa nchi yetu, alisoma humo kuanzia mwaka 1947 hadi 1950. Mwanafunzi wa Kabaa aliyetaka kuwaona wenzake wa Mang'u hakwenda kutazama majengo, kwa maana majengo hayakuwa yale yale. Alikwenda kuwatazama watu.

Kisha ukaja uhuru na wito wa Harambee. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wa vijijini walijenga shule za sekondari kwa mikono na kwa senti zao, na ndugu zao waliofanya kazi mjini walipeleka fedha za mabati, saruji na mishahara ya walimu. Wengi wetu tulisoma katika shule hizo. Darasa tulilokalia lilijengwa na watu tusiowajua, waliochangishana katika vyumba vya kupanga kama hivi vyetu vya Wendani. Deni hilo hatujalilipa kwa kupeleka salamu.

Na hata mitihani tuliyofanya imekufa majina. Kidato cha sita cha mwisho kilifanya mtihani wake mwaka 1989. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto wa leo ukimwambia ulipita darasa la saba ukachaguliwa kwenda bwenini na sanduku la bati, hukusikiliza kama asikilizaye hadithi za kale. Wanaojua unalolisema ni wale mliolala bweni moja. Wakienda wao, nusu ya ujana wako haina shahidi.

VYAMA VILIVYOTUTANGULIA

Chama chetu si cha kwanza. Katika miaka ya 1940 na 1950 Waafrika waliokuja Nairobi kutafuta kazi waliunda vyama vya kusaidiana, kama vile Luo Union na Abaluhya Association. Vilimpokea mgeni, vikamtafutia pa kulala, vikamchangia mgonjwa, vikasaidia karo za shule, vikaanzisha hata timu za mpira. Kazi iliyovipa heshima kuu ilikuwa kuhakikisha kwamba mwanachama akifa mjini hatatupwa katika kaburi lisilo na jina, bali atapelekwa kwao.

Si yote yaliyofanywa na vyama vile yanayofaa kusifiwa. Baadhi yao walidiriki kuwakamata wasichana waliokuja mjini peke yao na kuwarudisha vijijini kwa nguvu, kana kwamba nyumbani ni adhabu. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu historia isiyosema makosa haifundishi. Kurudi kwa kulazimishwa si kurudi. Mwaka 1980 vyama vya makabila viliamriwa kuvunjwa, navyo vikavunjika. Lakini haja iliyovizaa haikuvunjika. Ilihamia katika vikundi vidogo vya majirani, vya kina mama, vya watu wa kazi moja, na vya wakazi wa mahali pamoja bila ya kujali kabila, kama hiki chetu.

Kwamba watu wetu hulitukuza jambo la kuzikwa kwao, lilionekana na nchi nzima mwaka 1987. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake alitaka azikwe karibu na Nairobi, walikokaa. Ukoo wake ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Kesi ilichukua miezi, nayo maiti ikangoja mochwari. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, naye akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987. Watu walibishana wakati ule, na wangali wakibishana, kama uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa mjane. Sisi hatutaki kuufungua upya ubishi huo. Twauliza swali dogo tu: ikiwa twaweza kushindana hivyo juu ya mahali atakapolala mtu asiyesikia wala kuona, mbona hatushindani juu ya siku atakazokaa na watu wake akiwa anasikia na kuona?

DARAJA LA CHANIA

Kama kuna mwanachama adhaniaye kwamba mambo ya ruhusa na vizuizi yalikwisha na mkoloni, na aukumbuke mwaka 2020. Kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, kuanzia jioni ya tarehe 6 Aprili hadi Julai mwaka ule, ilikatazwa kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake. Mpaka wa upande wetu uliwekwa katika daraja la mto Chania, pale Thika. Wendani ilikuwa ndani ya mpaka. Murang'a, Nyeri na nchi zote za mbele zilikuwa nje.

Hatulaumu amri hiyo, maana ilikusudiwa kuzuia mauti. Lakini tulijifunza kitu. Miongoni mwetu walikuwako waliofiwa na wazazi katika miezi ile, wakazika kwa kutazama simu. Walikuwako waliokuwa wakisema kila mwaka, "Desemba ijayo nitakwenda," na ile Desemba iliyokuja haikumkuta yule waliyetaka kumwona. Fedha ya nauli waliyokuwa wameiweka ilibaki mfukoni. Hapo tulifahamu kwamba safari ya nyumbani, hata katika nchi huru, ni kitu kiwezacho kuondolewa mara moja. Kiwezacho kuondolewa hakifai kuahirishwa bila ya sababu.

SHAURI TUNALOLILETA

Halmashauri yaleta mbele ya mkutano mkuu mambo matatu.

La kwanza, sehemu ya akiba ya chama itengwe kila mwaka kwa ajili ya safari za walio hai. Twajua kwamba nauli hupanda mwezi wa Desemba, na kwamba mwenye watoto wanne hupiga hesabu mara mbili kisha akakata tamaa. Wako wanachama waliokwisha kutuambia kwamba mfuko huu uliwekwa kwa maafa, na kwamba mwenye miguu ajipeleke mwenyewe. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuidharau. Msiba hauna ahadi, na chama kitakachokosa fedha siku ya msiba kitakuwa kimevunja neno lake. Kwa hiyo twaomba sehemu ndogo, itolewe kwa zamu, na kwanza kwa wale ambao hawajafika kwao kwa miaka mingi. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, liwekwe daftari ambamo kila mwanachama ataandika kwao ni wapi, na alisoma shule gani mwaka gani. Leo tunayaandika mambo hayo mtu akiisha kufa, tena kwa kuuliza huku na huku. Yaandikwe mapema. Huenda tukagundua kwamba watu wawili wanaokaa ghorofa moja walisoma shule moja, nao hawajui. Wakijuana, wataweza kuandamana siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, na kama shule yao haina maktaba watakwenda na vitabu. Mkono mtupu haulambwi.

La tatu ni gumu zaidi. Wako wenzetu wasio na kwao kwingine. Baadhi walipoteza ardhi zao zamani. Wengine walifukuzwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nao hawataki kurudi. Wengine ni wake walioachwa, au watoto waliolelewa na mama peke yake, ambao hakuna ukoo unaowangoja. Hao wakiona milango ikifungwa mwezi wa Desemba hubaki wameketi. Msemo usemao kwamba mkataa kwao ni mtumwa usitumiwe kuwaumiza, kwa maana hawakukataa, walikataliwa. Nao watoto wetu sote, tupende tusipende, watakapokuwa wazee watakumbuka ngazi za majumba haya, na viwanja hivi vya vumbi, na sauti ya magari ya barabara kuu usiku. Shule zao ziko hapa. Basi twaomba iwekwe siku moja katika mwaka ambayo waliokulia hapa na kuhama wataalikwa kurudi, wale pamoja, waitane majina ya utotoni. Kama sisi tulivyofanyiwa na vijiji vyetu, na Wendani iwafanyie wao. Jina la mahali hapa limekwisha kuahidi hivyo. Kilichobaki ni sisi kutimiza.

Ndugu wanachama, mkutano ndio utakaoamua. Sisi kazi yetu ilikuwa kuyaweka mambo wazi. Ila twamwomba kila mmoja, kabla ya kunyosha mkono kukubali au kukataa, afikiri juu ya mtu mmoja ambaye ameahidi kwenda kumwona, na ajiulize ahadi hiyo ina miaka mingapi.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama